Milango ya banda la injini: anza na waya, bawaba baadaye

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Shemeji yangu anayeishi Leicester aliniletea seti ya treni ya mfano, saizi ya OO, nami nimeijengea banda la injini la mtindo wa Kiingereza, la njia moja, kwa kadibodi na vijiti vya aiskrimu. Kuta na paa vimekaa vizuri. Kilichonishinda ni milango. Bawaba za kitambaa zimeachia. Za bati la kopo zimegandishwa na supaglu, hazigeuki tena. Nataka milango miwili ifunguke kwa nje na kufunga kweli, na ikiwezekana isukumwe bila mkono kuonekana. Vifaa vya maduka ya Ulaya sina. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Kitambaa na bati la kopo nimevipitia vyote, kwa mpangilio huohuo wako, na vyote viliniumbua. Cha kitambaa kilivumilia kiangazi kizima. Masika ilipoingia gundi ya maji ikalegea, mlango mmoja ukainama mbele kama mlevi anayetafuta kiatu, na injini ikaingia nao ndani. Nilikuta kipande kimoja chini ya magurudumu na kingine sijakiona mpaka leo.

Kosa letu sote wawili lilikuwa kuanza na bawaba. Chukua bawaba ya mlango halisi wa banda, yenye pini nene ya milimita 20. Ukiipunguza mara 76, ambacho ndicho kipimo cha OO, pini inabaki robo ya milimita. Huo ni unene wa uzi mwembamba wa gita, na unataka ubebe mlango utakaofunguliwa na watoto wa darasa la nne. Hautabeba.

Sasa, wewe uko Tanga. Siku ukishuka Pangani, simama mbele ya mlango mmoja wa zamani wa nakshi, uusukume. Mingi ya milango ile ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mji Mkongwe wa Zanzibar, haikufungwa kwa bawaba. Kila upande wa mlango una ncha juu na ncha chini. Ncha zinakaa kwenye matundu, moja kizingiti cha juu, nyingine cha chini, na mlango mzito unazunguka juu ya ncha hizo. Mafundi wale walikuwa na sababu zao. Sisi tunaichukua njia hiyohiyo kwa sababu moja tu: tundu na ncha havijali udogo. Waya wa milimita moja ndani ya tundu utageuka maelfu ya mara, na bawaba utakazozibandika baadaye zitakuwa za macho, na za kuushika mlango kwenye waya, si za kugeuka.

Kila kimoja cha vipande viwili vya mlango nitakiita bawa. Usilichanganye na bawaba.

Kabla ya kukata chochote, pima. Katika OO futi moja ya kweli ni milimita 4. Mlango wa banda la njia moja uliokuwa na upana wa futi 13 na urefu wa futi 16 unakuwa milimita 52 kwa 64. Injini ya Kiingereza upana wake ni kama futi 9, yaani milimita 36 kwako, kwa hiyo nafasi ya kupita ipo bila kubanana. Lakini usiniamini mimi, iamini injini yako: iweke juu ya reli, tafuta sehemu iliyotokeza zaidi (mara nyingi ni silinda za mbele au ngazi za dereva), upime. Uwazi wenyewe wa ukuta ufanye milimita 54. Hizo mbili za ziada zitaliwa na ufa wa katikati na nafasi ya waya kugeuka pembeni.

Na malighafi usihangaike. Toa kwenye pochi kadi ya benki iliyokwisha muda. Kadi hizo duniani kote zina kipimo kimoja: milimita 85.6 kwa 54, unene 0.76. Mabawa mawili ya milimita 25 kwa 64 yanatoka kwenye kadi moja, na ukianzia kukata upande usio na chipu, karibu chipu yote inabaki kwenye kipande cha kutupa. Tena unene ule, 0.76 mara 76, ni milimita 58 za kweli, inchi mbili na robo hivi, unene ambao seremala angeuridhia kwa mlango wa namna hiyo. Sijui kama kuna kitu kingine cha bure kinachokaa kwenye kazi hii vizuri kiasi hicho. Chagua kadi isiyo na namba zilizoinuka. Usijaribu kuikata kwa mkasi, itapinda. Kwaruza kwa kisu kikali na rula ya chuma, mara nane au kumi palepale, kisha ivunje kwa kuikunja. Isugue pande zote mbili kwa msasa laini mpaka mng'ao uondoke, la sivyo rangi itabanduka kama gamba.

Mistari ya mbao ichore sasa, kabla ya kuunganisha. Kila milimita 2.5 mstari mmoja, kwa mgongo wa kisu au ncha ya bikari, na bawa litaonekana limeungwa kwa mbao kumi. Chora pande zote mbili. Watu wengi wanasahau kwamba mlango unaofunguka kwa nje ukiwa wazi humwonyesha mtazamaji mgongo wake, na mgongo ndiko kwenye kazi ya useremala: papi tatu za kulala na mshazari kati yake. Papi hizo zikate kwenye vocha ya simu ya kukwangua, ambayo ni nyembamba kuliko kadi ya benki, vipande vya upana wa milimita 3.

Hapo kwenye mshazari nikae kidogo, maana nimeona mabanda mazuri yaliyoharibiwa na kijiti hiki. Mshazari huanzia chini upande wa bawaba na kupanda kwenda juu upande wa katikati. Mlango mzito hutaka kuangukia ile ncha yake ya nje. Mshazari unaupokea uzito huo na kuusukuma chini kwenye mwimo, penye nguvu. Ukiuweka kinyume unaning'iniza mlango kwenye misumari. Kwa hiyo milango ikiwa imefungwa, ukitazama kutoka ndani ya banda, mishazari miwili inakutana juu kama paa la nyumba. Ukiona inakutana chini kama herufi V, bandua.

Sasa waya. Nenda kwa wauza vifaa vya ujenzi, omba waya wa kufungia nondo, ule mwembamba wa milimita moja hivi. Umejikunja, lakini ni laini: kata nusu mita, bana ncha moja kwenye jiliwa au uifunge kwenye kitasa, shika nyingine kwa plaizi, uvute kwa nguvu mpaka uusikie umeachia kidogo mkononi. Utanyooka kama mshale, na kule kuvutwa kunaukaza pia. Kata vipande viwili vya milimita 100.

Matundu yake yanatoka duka la dawa za mifugo. Omba sindano mpya namba 16, yenye kitako cheupe. Tundu lake la ndani ni milimita 1.2 hivi, na waya wako utazunguka humo bila kucheza sana. Jaribu kabla hujalipa kama muuzaji ni mvumilivu. Sindano za hospitali za kawaida ni nyembamba mno kwa kazi hii, na sindano iliyokwisha kutumika usiiguse kabisa, hata ukiambiwa imechemshwa. Ili kukata bomba la sindano bila kuliziba, ingiza waya ndani, lizungushie alama kwa tupa ya pembe tatu, kisha livunje. Vaa miwani, kile kipande cha ncha kinaruka. Unahitaji mabomba mawili, marefu kidogo kuliko unene wa ubao wako wa chini. Kama ni plaiwudi ya milimita 9, yafanye milimita 13 kwanza, utayapunguza.

Bawa linaungwa hivi. Laza kadi juu ya kioo, laza waya sambamba na ukingo wake wa milimita 64 ugusane nao, waya ukitokeza milimita 4 juu na uliobaki wote chini. Kwa hiyo waya ndio ukingo wa mlango. Haupiti ndani ya kadi wala nyuma yake. Usugue msasa, uushike kwa matone mawili ya supaglu ili usiondoke. Kisha kata kopo la soda kwa mkasi, vipande vya upana wa milimita 2, usugue rangi ya nje na ule utando wa ndani. Kila kipande kinaanzia uso wa mbele wa mlango, milimita 18, kinazunguka waya, na kinarudi nyuma milimita 8. Vitatu kwa kila bawa. Vibandike kwa gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya, usivibandike kwa supaglu, maana hapa ndipo nguvu yote ya kusukuma mlango itakapopitia, na supaglu haipendi kusokotwa. Ukitaka vichwa vya ribiti, vidonoe kwa kalamu iliyokwisha wino upande wa nyuma kabla ya kubandika.

Utakapovitazama vimekauka utaona umepata bawaba zako ndefu za bati, zilezile ulizozitaka tangu mwanzo. Tofauti ni kwamba hazigeuki. Zimeshikana na waya, na waya ndio unaogeuka.

Kwenye ubao wa chini toboa matundu mawili, kila moja milimita 26 kutoka mstari wa katikati wa reli, na yote yaingie ndani ya uso wa ukuta kwa milimita moja na nusu. Hapo mlango utafunguka mpaka digrii 100 na ushei kabla ya kugusa kona ya ukuta, na digrii 90 zinatosha. Ukitaka ulale kabisa ukutani, itabidi waya usimame mbele ya ukuta, na hapo unaonekana, mimi siupendi.

Usigandishe banda lako kwenye ubao, mwalimu, na kama umeshaligandisha libandue taratibu. Waya mrefu kiasi hiki huwezi kuuingiza chini ya kizingiti kilichokwisha kukaa. Milango inasimama kwanza kwenye mabomba yake sakafuni, halafu banda zima linashuka juu yake, na zile milimita 4 za juu zinaingia kwenye matundu ya kizingiti. Ndani ya kizingiti gundisha kipande kilichobaki cha kadi chenye tundu la milimita 1.2, ulipanue kwa chini kama faneli ili waya ujitafutie njia. Faida nyingine utaiona siku injini itakapokwama ndani: unanyanyua banda, milango inabaki imesimama peke yake kama askari wa zamu.

Kabla ya kuyagandisha mabomba sakafuni, paka waya mafuta ya mgando, yale ya watoto, upitishe ndani ya bomba. Supaglu ina tabia ya kunyonywa na upenyo wowote mwembamba, ndiyo maana bawaba zako za kopo ziliganda. Mafuta yanaifungia njia. Na hapo Tanga, kwenye unyevu wa bahari, supaglu nyingi huacha ukungu mweupe kuzunguka kiungo. Tumia tone moja kwa ncha ya kijiti cha meno, ufungue dirisha.

Urefu wa mlango kutoka chini unauamua kwa bomba. Bawa linakaa juu ya mdomo wa bomba kupitia bawaba ya chini, kwa hiyo ibandike hiyo karibu kabisa na ukingo wa chini. Reli ya kawaida ya OO ina kimo cha milimita 2.5, ukiacha mataruma. Ile nyembamba zaidi ni 1.9. Bawa likifunguka linafagia juu ya reli ya upande wake, hivyo lazima lipite juu yake. Acha nafasi ya milimita moja. Likigusa, inua kwa kipete cha bomba. Likiwa juu mno, piga bomba tupa nusu milimita, ujaribu tena. Kazi hii ya kupiga tupa na kujaribu ndiyo inayokula jioni nzima, usiifanye ukiwa na madaftari ya kusahihisha.

Kabla ya kufika kwenye kusukuma, kuna jambo uliloniandikia bila kujua, uliposema mtindo wa Kiingereza. Milango ile iliwekwa kwa sababu ya baridi: maji kwenye mabomba ya injini yaliyoganda usiku yalipasua chuma. Na ilikuwa ikivunjwa mara kwa mara na injini zilizoondoka kabla ya mtu kuifungua, mpaka mabanda mengi yakaachwa wazi kabisa. Ungekuwa unajenga banda la reli yetu ningekushauri usahau milango, huku kwetu shida ni kutoa joto na moshi. Lakini reli yetu ya kati ya zamani na ile ya kwenu ya Tanga ni za upana wa mita moja, ambayo kwa kipimo cha OO ni milimita 13, na seti ya shemeji ina milimita 16.5. Kwa hiyo baki Uingereza, na milango yake.

Sasa kusukuma. Chini ya ubao waya mbili zinatokeza. Nunua konekta ya umeme, ule mkanda wa plastiki wenye vibomba vya shaba na skrubu mbilimbili. Ng'oa vibomba viwili. Kila kimoja kivishe waya mmoja, skrubu moja ibane. Ya pili itoe, weka nyingine yenye uzi uleule lakini ndefu, milimita 15. Skrubu hiyo ndefu ndiyo mkono wa mlango. Uzuri wake ni kwamba unalegeza, unageuza digrii mbili, unakaza, bila kubandua kitu.

Mkono uelekee wapi? Hapa watu wengi hupotea, basi twende polepole. Mlango ukiwa umefungwa, skrubu zote mbili zielekee katikati ya njia, lakini zikiwa zimepinda digrii 45 kuelekea ndani ya banda. Ukifungua mlango digrii 90, zenyewe zitakuwa zimepinda digrii 45 kuelekea nje. Kwa sababu mabawa ni kama mtu na kioo chake, skrubu zote mbili zinakwenda upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo zinasukumwa na kijiti kimoja tu. Kata plaiwudi umbo la herufi T. Kichwa chake kilale chini ya mlango, mguu wake urudi nyuma chini ya reli, kati ya papi mbili za kuuongoza usiyumbe. Kwenye kichwa, milimita 17 kutoka katikati kila upande, pigilia misumari miwili midogo iliyopishana milimita 4 na kidogo, ikumbatie skrubu, msumari mmoja mbele na mmoja nyuma. Ukiisogeza T milimita 18 kwenda nje, milango inafunguka. Ukiirudisha, inafunga. Njiani utaona mabawa yanacheza kidogo, maana skrubu ikiwa imenyooka ina nafasi kati ya misumari. Mwisho wa safari pande zote mbili inabana, na hapo ndipo unapotaka ibane.

Ushauri wangu wa kweli ni huu: kwa shule, isukume kwa mkono. Chukua spoku ya baiskeli, iunge kwenye mguu wa T, uipitishe mpaka ukingo wa meza, na uache nipeli yake iwe kitufe cha kuvuta. Mkono hauonekani. Hakuna betri. Na mtoto anayevuta spoku huku akiutazama mlango anajifunza kuvuta taratibu.

Kama roho yako bado iko kwenye mota, basi tumia sevo, yaani mota inayogeuka kwa digrii unazoiamuru, ile ndogo ya gramu 9, SG90 ya bluu, na Arduino, bodi ndogo ya kuiendesha kwa programu. Mkono wake mrefu, ukiutumia tundu la mbali kabisa, unatoa zile milimita 18 kwa kugeuka digrii kama 70. Ikiachiwa inageuka upesi mno, mlango utapigwa kama wa baa. Iendeshe digrii moja moja, ukisubiri milisekunde 70 kila hatua, na utapata kama sekunde tano, mwendo wa watu wawili wanaosukuma mbao nzito. Umeme wake utoke kwenye chaja ya simu ya volti 5, usitoke kwenye Arduino, kwa kuwa sevo ikikwama hunyonya mamia ya miliampia na kuizima bodi. Unganisha tu nyaya zao hasi pamoja. Katika programu andika amri ya mahali pa kuanzia kabla ya amri ya kuiunganisha sevo, ili isishtuke ikiwashwa na kuvunja kazi ya wiki mbili. Milango ikishafika, itenganishe sevo kwa amri, isiendelee kunguruma.

Ule ufa wa milimita moja katikati unafunikwa na papi nyembamba iliyobandikwa mbele ya bawa moja, sawa na mfaa wa mlango wa pwani. Mlango kama huu wa kufunguka nje, ukifungua bawa moja moja kwa mkono, bawa lenye mfaa hufunguliwa kwanza na kufungwa mwisho. Sisi tunasukuma yote mawili kwa pamoja, na mchezo mdogo tu wa misumari unatosha kulifanya la mfaa litangulie kufunga, lenzake libaki nje. Kwa hiyo mfaa wako uutokeze nusu milimita tu, usifike juu ya bawa la pili. Jicho litaona mfaa, halitaona ufa.

Jambo moja zaidi kabla hujawaita wanafunzi. Weka swichi ndogo ya kubofya mahali T inapofika ikiwa milango iko wazi kabisa, na umeme wa reli ya ndani ya banda na ya mbele yake upitie kwenye swichi hiyo. Kata reli ya upande mmoja, umbali usiopungua milimita 300 nje ya mlango, uiunge tena kwa kiungo cha plastiki kisichopitisha umeme, ili injini ndefu nayo isimame ndani ya kipande hicho. Milango ikifungwa, injini inakufa hapohapo ilipo. Tangu niweke swichi ya namna hii sijapoteza mlango, na mimi ni mtu wa kusahau.

Reli ya kuingilia iwe imenyooka kwa urefu wa injini yako ndefu kabisa, na uongeze milimita 26 za mabawa yaliyo wazi. Injini ikiwa bado kwenye kona hutokeza kiuno chake upande wa ndani wa kona na ncha zake upande wa nje, na kinachogongwa kwanza ni ukingo wa bawa.

Rangi haina mengi. Paka pande zote mbili siku moja, kijivu kilichofifia au kahawia iliyochoka, usipake nyeusi tupu. Juu ongeza masizi, chini ongeza matope na mbao zilizolika. Usiguse waya kwa brashi.

Ukimaliza kuunganisha, toa T kwanza, uyasukume mabawa kwa pumzi. Yakisimama popote unapoyaacha, endelea. Bawa likijifungua lenyewe, waya wake umeinama kwenda nje; usiguse bomba la sakafuni, banda ndilo la kusogeza. Lirudishe nyuma nusu milimita, upulize tena.